Saa moja na gorila wa Kahuzi: kujiandaa kwa warsha ya picha msituni

Kabla hujanunua lenzi, kabla hata hujalipa avansi ya warsha, tafuta mbuzi mweusi. Sitanii. Mtaani kwetu Kadutu yuko mmoja, wa mama muuza makala jirani na studio, na huyo amenifundisha kumpiga picha gorila kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumlipa. Nitamrudia.

Mimi ni mpiga picha wa kawaida wa Bukavu, mashariki ya Kongo: harusi, komunyo, picha za diploma, mara mojamoja msiba. Mara ya kwanza nilipopanda Tshivanga, kituo cha kuingilia Hifadhi ya Kahuzi-Biega, na kikundi cha warsha nilirudi na picha mia nne. Za kumwonyesha mtu zilikuwa tatu. Nyingine zote ni gorila wa kijivu kama amemwagiwa jivu, migongo inayoondoka, na majani yaliyotoka safi kabisa mbele ya uso wenye ukungu. Mara ya pili mambo yalikuwa afadhali sana, na kamera ilikuwa ileile. Mwongozo huu ni kwa anayekwenda mara ya kwanza na hana hamu ya kulipa ada ya ujinga niliyolipa mimi.

Weka kichwani jambo moja tangu mwanzo: ukishafikishwa kwa gorila, unapewa saa moja. Unaweza kutembea nusu saa au saa nne kuwafikia, lakini ukiwafikia ni dakika sitini, na nyingi kati ya hizo mnyama amekupa mgongo au yuko nyuma ya majani. Ukijumlisha vipande ambavyo uso unaonekana, huenda ukapata dakika kumi. Katika dakika hizo kumi hutakuwa na nafasi ya kutafuta kitufe.

1. Uliza kama njia iko wazi, halafu uliza tena

Hifadhi ya Kahuzi-Biega imo kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia ulio hatarini tangu 1997, na anayeishi Kivu hahitaji kuelezwa kwa nini. Tangu vita vilipofika Bukavu yenyewe mwezi wa pili 2025, jibu ulilopewa mwezi jana usilitumie leo. Waulize ICCN, taasisi ya serikali ya kulinda hifadhi, ambao ndio wenye hifadhi. Muulize kiongozi wa warsha. Kisha muulize dereva anayeipita ile njia ya Miti kila wiki, maana dereva hana sababu ya kukuuzia chochote. Majibu matatu yakigongana, kaa nyumbani.

Na kabla ya kutoa avansi, pata kwa maandishi nini kitatokea kwa pesa yako safari ikiahirishwa. Maandishi, hata kama ni ujumbe wa simu tu. Kuna mwandalizi mmoja, simtaji, ambaye hadi leo tukikutana njiani anavuka upande wa pili.

2. Mjue unayekwenda kumwona

Wenzetu wa pwani wakisema sokwe huwa wanachanganya wawili, gorila na shimpanzi. Msitu wa Kahuzi una shimpanzi kweli, lakini warsha inakupeleka kwa gorila, tena gorila wa Grauer, asiyepatikana porini nchi nyingine yoyote duniani isipokuwa Kongo yetu ya Kinshasa. Ndiye mkubwa kuliko gorila wote. Dume aliyekomaa anaweza kupita kilo 200. Dume huyo mgongo wake hugeuka mweupe kama fedha anapokuwa mtu mzima, na familia inajulikana kwa jina lake. Jina la Chimanuka, kwa mfano, wageni wa Tshivanga wamelisikia miaka mingi.

Kwa mpiga picha kuna mambo matatu ya kujua juu ya siku yao. Asubuhi wanakula, na wanakula wakitembea. Katikati ya siku wanapumzika, dume analala chali au kifudifudi, watoto wanacheza juu yake. Hapo ndipo penye picha, na hapo ndipo kila mtu katika kikundi anataka nafasi uliyosimama wewe. Halafu mvua zinapoanza, machipukizi ya mianzi yanatoka na wao wanayafuata. Ndani ya mianzi mwanga ni wa kijani na mashina yamesongamana. Ni pazuri kwa macho na pagumu kwa kamera.

Majira: kiangazi chetu ni mwezi wa sita hadi wa nane, njia inapitika vizuri. Mvua huanza mwezi wa tisa na kuendelea hadi wa tano. Usiogope mawingu, yaombe. Jua kali msituni linatoboa majani na kumtia gorila madoa meupe mwilini kama shati lililochafuliwa na chokaa, na hakuna programu itakayoyafuta. Siku ya mawingu mwanga unalala sawasawa juu ya manyoya.

3. Karatasi na pesa

Mwenyeji na mgeni hawalipi sawa, kwa hiyo chukua kitambulisho chako, karte ya mpiga kura au pasipoti. Bei usiichukue kwa mtu aliyekwenda mwaka juzi. Ukitaka kuuza picha au kupiga video ya kazi, sema mapema, kwa sababu hiyo ni ruhusa nyingine. Droni iache nyumbani.

Dola ziwe safi. Unajua Bukavu: noti yenye mchaniko wa nusu sentimita kambisti, mbadilisha pesa, anaigeuza mara tatu na kukurudishia kama umemfanyia tusi. Weka na noti ndogo pembeni kwa ajili ya wanaobeba mizigo na wafuatiliaji wa nyayo.

4. Vifaa: usifuate masomo ya dubu

Ukitafuta kwenye intaneti namna ya kujiandaa kwa warsha ya picha za wanyama wakubwa, utaangukia masomo ya dubu. Mazuri sana, lakini ni ya kwao. Dubu wa Brooks Falls kule Alaska anasimama mtoni mwezi wa saba akisubiri samaki, mahali pa wazi, chini ya anga, na mpiga picha yuko mbali juu ya jukwaa la mbao. Kwa hiyo wanakwambia lenzi ya milimita 500 au 600, tripodi nzito, na subira ya siku nzima. Mwenzetu mmoja aliyafuata. Aliazima lenzi ndefu kama bomba la bati, akaibeba mlimani saa tatu, na alipofika, gorila alikuwa mita kumi mbele yake. Akapata pua.

Kwetu msitu ni giza na mnyama yuko karibu. Lenzi ya 70-200 yenye tundu la f/2.8 inatosha karibu kila kitu. Ya f/4, yenye tundu dogo zaidi, inakwenda, ila utapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga. Lenzi moja pana zaidi, 24-70 au hata 35, kwa ajili ya picha inayoonyesha msitu wenyewe. Ukiwa na kamera mbili, kila moja na lenzi yake, vizuri. Ukiwa na moja, anza na ile ndefu na usibadilishe lenzi kwenye manyunyu. Tripodi huna pa kuisimamisha. Flashi ni marufuku, na tahadhari na ile ndogo iliyojificha juu ya kamera ambayo inajifyatua yenyewe giza likiingia: izime kwenye menyu, kisha ibandike ukanda wa gundi.

Wa simu wasijidharau. Zima flashi, zima sauti, gusa uso wa gorila kwenye kioo halafu vuta kijua kile kidogo chini mpaka weusi urudi kuwa weusi. Usikuze kwa vidole zaidi ya lenzi halisi ya simu. Zaidi ya hapo unapata uji.

Betri mbili kwa kamera moja. Kadi mbili, zote umezifuta na kuziandaa ndani ya kamera hiyohiyo. Safari yangu ya kwanza nilikwenda na kadi ya kuazima iliyojaa ubatizo wa mtoto wa watu, nikasimama mbele ya dume la kilo mia mbili nikifuta picha za keki.

Kwa mvua, chukua mfuko wa mpira wa kukunja mdomo. Mifuko ya plastiki inafaa pia, ila kama unatokea Kigali kwa njia ya Kamembe kumbuka Rwanda waliipiga marufuku tangu 2008, na mpakani Ruzizi hawacheki. Ongeza taulo ndogo ya pamba, na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu vipya, vinanyonya unyevu. Mchele unaosifiwa mtaani unaacha vumbi ndani ya vitufe.

5. Mbuzi

Sasa tumrudie. Kipima mwanga cha kamera ni kama mtoto aliyefundishwa rangi moja tu, kijivu. Kila unachomwonyesha anataka kiwe kijivu. Wewe wa harusi unalijua hili: bibi harusi na shela nyeupe, kamera inamtia kiza, unaongeza. Gorila ni bibi harusi aliyegeuzwa. Kamera inaona weusi mtupu, inadhani ni giza, inafungulia mwanga, na manyoya yanakauka yanakuwa jivu. Kwa hiyo unapunguza: kitufe chenye + na −, peleka kwenye −1, wakati mwingine −1.7.

Kiasi gani hasa? Hapo ndipo anapoingia mbuzi. Saa kumi na moja na nusu jioni, mfunge chini ya migomba ambako giza limeanza kukaa. Ni mwanga wa msituni kabisa. Piga kwenye sifuri, kwenye −0.7, kwenye −1, kwenye −1.7. Ingia ndani, fungua picha kwenye kompyuta, angalia mahali pamoja tu: nyuma ya sikio, pale manyoya mafupi yanapokutana na marefu. Kwenye sifuri utaona pamba chafu. Kwenye −1.7 ya kamera yangu nilipata shimo jeusi lisilo na kitu ndani. Kwenye −1 niliona unywele mmoja mmoja, na ule mng'ao wa bluu ambao kitu cheusi kweli huwa nao. Hiyo ndiyo namba yangu. Yako itakuwa tofauti kidogo, na hakuna wa kukutafutia ila wewe.

Halafu mpandishe huyo mbuzi juu ya ukuta, anga jeupe nyuma yake. Gorila wa Grauer wanapanda miti kula matunda, na ukimwangalia kutoka chini utakutana na jambo hilohilo: kamera inashtushwa na anga, mnyama anakuwa kivuli. Hapa unageuza upande, +1 hadi +2, na unaacha anga liungue. Zoea kidole kivuke kutoka minus hadi plus bila wewe kuangalia.

Zoezi la pili ni macho. Macho ya gorila yamezama chini ya paji kubwa, na bila nyota ndogo ya mwanga ndani yake uso unabaki kama mlango uliofungwa. Chagua pointi moja tu ya fokasi, ile ya katikati au unayoweza kuisogeza haraka, maana kamera ikiachiwa ijichagulie itashika jani la mbele kila mara. Chana jani la mgomba vipande, lining'inize kati yako na mbuzi, jaribu kupitisha fokasi kwenye upenyo hadi kwenye jicho. Mara kumi za kwanza utashindwa. Jifunze pia kuzungusha pete ya lenzi kwa mkono kurekebisha pale kamera inapokataa.

Zoezi la tatu linachekesha watu mtaani, vumilia. Vaa barakoa, vaa glovu, piga goti moja, kaa hivyo dakika kumi kamera ikiwa usoni. Barakoa ni lazima mbele ya gorila, na hakuna aliyeniambia kwamba pumzi inayopanda juu ya barakoa inakwenda moja kwa moja kwenye kidirisha unachochungulia. Kioo kinafunga ukungu. Katika ile safari ya kwanza robo ya saa yangu iliisha nikifuta kioo kwa kidole cha mwisho. Dawa yake ni rahisi: bana kile kiwaya cha barakoa puani hadi kikae, na ukitaka uhakika weka plasta juu ya mwamba wa pua, kutoka shavu hadi shavu. Mama muuza makala aliponiona nimepiga goti mbele ya mbuzi wake na plasta usoni, aliita majirani.

Kasi ya shata: usishuke chini ya 1/250 kwa aliyetulia, 1/500 kwa watoto wanaocheza. ISO iache ipande hadi 3200, hata 6400. Chembechembe za ISO mtu anazisamehe. Mtikisiko hakuna anayeusamehe. Piga RAW, ile faili ghafi ambayo kamera haijaichakata. Zima ile sauti ya fokasi, pip pip, na kama kamera yako ina shata ya kimya itumie.

6. Miguu na mavazi

Bukavu tuko kama mita 1,500 juu ya bahari, na Tshivanga iko juu zaidi ya mita 2,000. Kilele cha Kahuzi chenyewe ni mita 3,308, ingawa huko warsha haikupeleki. Wiki tatu kabla, chukua mkoba wako na vifaa vyote ndani, panda kutoka soko la Kadutu hadi Ciriri, mara tatu kwa wiki. Ukifika juu bila kushika kiuno, uko tayari.

Suruali ndefu ngumu, shati la mikono mirefu, soksi ndefu zilizovutwa juu ya suruali kwa sababu ya siafu. Bote za mpira za sokoni zinatosha. Glovu za shambani, maana mkono utashika chochote ukiteleza, na chochote hicho mara nyingi ni majani ya kuwasha. Rangi za msitu, hakuna haja ya nguo za kijeshi; kwa kweli hizo ziepuke kabisa, njiani kuna bariere, vizuizi vya askari, na hutaki maswali.

7. Usiku wa kuamkia safari

Umeme ukiwepo tu, chaji, hata kama ni siku mbili kabla. Usisubiri jioni ya mwisho.

Kula bugali yako na sambaza, lala mapema. Na jipime kwa uaminifu: una mafua? Unakohoa? Tumbo linaharisha? Basi huendi. Gorila wanaambukizwa magonjwa yetu ya kifua, na mafua yanayokulaza wewe siku mbili yanaweza kuua mtoto wa gorila. Mwaka 2021 watafiti walikadiria gorila wote wa Grauer kuwa karibu 6,800. Ni wachache kuliko watu wa kata moja tu ya mji wetu. Najua umelipa. Ndiyo maana nilisema lile jambo la maandishi.

8. Njia na msitu

Toka Bukavu kabla jua halijachomoza, Mudaka, Miti, hapo Miti unaacha njia ya Kavumu na kupinda kushoto kupanda. Kamera ibaki mkobani hadi Tshivanga. Usipige picha bariere, askari, wala daraja, hata kama ukungu juu ya chai unakuita.

Tshivanga utapewa maelezo na kuwekwa kwenye kikundi kidogo. Wafuatiliaji wamekwisha kutangulia: wanaanzia pale familia ilipolala jana, kwenye vile vitanda vya matawi, na kufuata nyayo, kinyesi na majani yaliyovunjika. Wanawasiliana na kiongozi wako kwa redio. Kaa karibu naye, wa pili au wa tatu kwenye mstari. Jaribu kamera mara mbili njiani, kwenye kisiki cheusi, kuona namba zako bado zinasema kweli.

Mkikaribia mtaacha mikoba, mtavaa barakoa. Hakuna kula, hakuna kutema mate. Ukihisi chafya, geuka na uizike kwenye kiwiko.

9. Hiyo saa moja

Umbali ni mita kumi. Pima nyumbani: ni kama urefu wa madaladala mawili yaliyofuatana, na Bukavu hata tukiyaita vingine ukubwa ni uleule. Wao wenyewe hawajui kanuni, mtoto anaweza kukusogelea. Rudi nyuma polepole. Usimwite, usinyooshe mkono, hata kama mwenzako anakupiga picha ambayo ingekufanya uwe maarufu.

Utasikia kiongozi akitoa sauti ya koo, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kusema. Anawasalimu. Dume akijibu vilevile, mambo ni shwari. Dume akisimama, akipiga kifua, au akikujia mbio, usikimbie kabisa. Chutama, angalia chini, kaa. Mara nyingi anakupima tu. Kamera iache kifuani. Picha ya dume anayekuja mbio inayofaa kuwekwa ukutani ilipigwa na mtu aliyekuwa mbali zaidi yako.

Nilipoinua kamera mara ya kwanza kabisa, kiongozi wetu, mzee aliyefanya kazi hiyo tangu kijana, aliweka kiganja juu ya lenzi yangu akasema kwa sauti ya chini: «Weka kwanza apareyi chini, papa. Angaliya na macho.» Nilikasirika. Nimelipa saa moja na huyu ananila dakika zangu! Lakini nilitii, dakika tatu hivi, na nikaona ambavyo nisingeviona kwenye kidirisha: jike lenye mtoto lilikuwa linahama polepole kuelekea upenyo ambako mwanga ulikuwa unaanguka, na dume lilikuwa linaliangalia. Yaani nilijua watakuwa wapi baada ya muda mfupi. Nikasogea, nikapiga goti, nikasubiri. Hizo ndizo picha zangu tatu.

Kwa hiyo dakika za mwanzo tazama. Kisha chagua mnyama mmoja na ukae naye. Anayemkimbilia kila anayejikuna anarudi na migongo. Subiri kichwa kiinuke, subiri ile nyota jichoni, piga vitatu vinne, acha. Uso ukijificha, piga mkono: kucha zake zinafanana na za babu yako mkulima kiasi cha kukunyamazisha. Piga mguu, piga mdomo unaomenya shina la mwanzi. Badili kwenda lenzi pana mara moja, umwonyeshe akiwa mdogo ndani ya msitu mkubwa. Usimwombe kiongozi akate tawi linalokusumbua. Akiamua mwenyewe ni shauri lake.

Sehemu ya mwisho ya saa, mpe nafasi mwenzako aliyekuwa nyuma yako. Siku hiyo mimi nilikuwa wa nyuma.

10. Wale wanaokuongoza

Hifadhi hii ilianzishwa 1970 na Adrien Deschryver, Mbelgiji ambaye naye alikuwa mpiga picha. Waliomwonyesha gorila walipo ni Batwa, waliokuwa wakiishi ndani ya msitu huohuo, na ambao katika miaka hiyo ya sabini walitolewa humo bila fidia. Mwaka 2024 ulichapishwa uamuzi wa Kamisheni ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliosema haki zao zilivunjwa. Nakueleza kwa sababu utakutana nao, na warsha nyingine zinaweka kwenye ratiba «picha za Batwa» kama vile ni mnyama wa pili wa siku. Mimi siziendi. Kama mfuatiliaji amekuongoza vizuri na unataka picha yake, muulize jina, muulize kama anataka, na muulize picha utamfikishiaje. Ukisema utamletea, mletee. Tshivanga wanazo ahadi nyingi za wapiga picha.

Kiongozi na walinzi, wengi wanaitwa papa na wanastahili. Jiulize ungefika wapi bila wao, halafu utoe zile noti ndogo ulizoweka pembeni.

11. Ukirudi

Fungua mkoba siku hiyohiyo, hata kama umechoka. Toa kila kitu, futa kwa taulo kavu, acha lenzi wazi penye hewa, mbali na jua na mbali na jiko. Ukungu unaoota ndani ya lenzi hautoki kirahisi. Osha bote kwa sabuni, nyayo pia.

Nakili picha mara mbili, sehemu mbili tofauti, kabla hujafuta kadi. Kabla ya kupandisha hata moja mtandaoni, ondoa taarifa za mahali. Simu nyingi zinaandika mahali hasa ulipopigia, na anayetega mitego anaweza kusoma kama wewe. Ukizirekebisha, inua weusi kidogo tu. Ukiuinua sana utamrudisha yule gorila wa majivu uliyehangaika naye wiki tatu.

Na lipa deni la mbuzi. Mama muuza makala alikuja studio siku ya tatu, akaangalia gorila zangu ukutani, akasema ni wazuri, halafu akauliza wa kwake yuko wapi. Nilimchapishia ile ya −1, kubwa, yenye nyota jichoni. Ameiweka sebuleni, juu ya televisheni.